Shajara ya mradi: Nusu mwaka bila oda ya soko

Mradi wenyewe ni huu: kuanzia leo hadi mwisho wa Juni sinunui wala siuzi hisa hata moja kwa oda ya soko, yaani agizo la kununua au kuuza papo hapo kwa bei yoyote iliyopo. Kila kuingia kutapita kwa limiti, kila kutoka kutapita kwa limiti au stopu (nazieleza hapa chini), na kila oda itaandikwa kwenye jedwali, iwe imepita (imetekelezwa) au imekufa bila kupita. Nitaongeza maandishi hapa kila hatua inapokamilika, ili anayetaka kufuata afuate, na anayetaka kukwepa makosa yangu ayaone kabla hajayalipia.

11 Januari 2025: Kuanza

Kilichonisukuma ni ununuzi mmoja wa Desemba. Ilikuwa hisa ya kampuni ndogo, skrini ikionyesha 18.40. Nilibonyeza "nunua" dakika ileile soko la New York lilipofunguliwa, oda ya soko, hisa 150. Nikapewa kwa 19.10. Dola 105 zilipotea kati ya kubonyeza na kupata jibu. Hakuna aliyeniibia. Ile 18.40 ilikuwa bei ya muamala wa mwisho wa jana yake, na wauzaji waliokuwepo asubuhi ile walikuwa wachache, kila mmoja akitaka zaidi ya aliyemtangulia. Oda ya soko inasema "nipe sasa hivi, bei yoyote", nami nikapewa kwa bei yoyote.

Mtaji wa mradi ni dola 12,000, hisa za kampuni sita kwa wakati mmoja, hakuna kukopa. Dalali wangu anatoza dola 1 kwa kila oda iliyopita. Jedwali lina safu saba: tarehe, aina ya oda, bei niliyoandika, bei iliyokuwepo nilipotuma, bei niliyopata, muda oda iliokaa, na sababu. Safu ya mwisho ndiyo niliyokaribia kuiacha, lakini nadhani itakuwa yenye manufaa kuliko zote.

Kwa anayeanza: limiti ni bei ya mwisho unayoikubali. Limiti ya kununua haitapita juu ya namba uliyoandika, na ya kuuza haitapita chini yake, lakini huenda isipite kabisa. Stopu imelala. Bei ikigusa namba yako inaamka, na ikishaamka inageuka oda ya soko. Shikilia hilo neno "inageuka", maana litarudi.

24 Januari: Limiti za ubahili

Oda 11 za kwanza za kununua, zilizopita ni nne tu.

Tatizo ni langu. Kila mara niliweka limiti senti chache chini ya bei ya wauzaji, nikingoja soko linisogelee. Hisa moja ya kampuni ya programu ilikuwa inauzwa 31.58. Nikaandika 31.50. Ikashuka hadi 31.52, ikageuka, na wiki ilipoisha ilikuwa 34. Kwa kutafuta senti 8 nimekosa zaidi ya dola 2 kwa kila hisa. Nikiangalia zile saba zilizokufa, tano zilipanda. Na zile nne zilizopita? Tatu ziliendelea kushuka baada ya kupita. Hiyo haikuwa bahati mbaya. Limiti iliyo chini ya soko hupita pale tu bei inaposhuka kuifuata, kwa hiyo kwa umbile lake inakosa zinazokimbia na kukamata zinazoanguka.

Marekebisho: nikiwa nimeshaamua kununua, naweka limiti kwenye bei ya wauzaji yenyewe au senti mbili tatu juu yake. Nilidhani nikiandika 31.62 wakati wauzaji wako 31.58 nitalipa 31.62. Sivyo. Oda inapita kwa bei bora iliyopo, na ile 31.62 inabaki kuwa ukuta tu, kwamba hapa sivuki. Tangu nibadili hivyo, oda sita kati ya saba zimepita, na wastani wa tofauti kati ya bei niliyoiona na niliyopata ni chini ya senti moja.

Jambo dogo: oda moja ya hisa 100 ilijazwa 37 tu, zilizobaki zikapita kesho yake kwa kamisheni ya pili. Dola 1 si kitu, ila kwa dalali mwenye tozo kubwa na oda ndogo, hiyo inauma.

14 Februari: Nilibonyeza limiti nikimaanisha stopu

Hili nalieleza polepole kwa sababu kosa lilichukua sekunde moja na mtu yeyote anaweza kulifanya.

Nilikuwa na hisa 60 nilizonunua kwa 52. Jumanne bei ilikuwa 50.80 na nilitaka kinga: ikifika 48, niuze. Nikafungua dirisha la oda, nikachagua "uza", nikaandika 60, nikaandika 48.00. Kitufe cha aina ya oda kilikuwa kimebaki "limiti" kutoka oda iliyotangulia. Sikukigusa. Nikatuma. Kabla sijaondoa mkono, kisanduku cha kijani kikatokea: zimeuzwa 60, kwa 50.79.

Nilifikiri mfumo umekosea, lakini mfumo ulifanya nilichoandika. Limiti ya kuuza kwa 48 maana yake "uza kwa 48 au zaidi", na 50.79 ni zaidi ya 48. Nilirudi kununua kwa 51.10. Tofauti ya senti 31 mara 60 ni dola 18.60, na kamisheni mbili, jumla dola 20.60.

Niliandika kikaratasi cha oda za kungoja (si zile ninazotaka zipite palepale), kimebandikwa chini ya skrini mpaka leo:

Kununua limiti: chini ya bei ya sasa. Kununua stopu: juu ya bei ya sasa.
Kuuza limiti: juu ya bei ya sasa. Kuuza stopu: chini ya bei ya sasa.

Ukiweka stopu upande usio wake, madalali wengi wataikataa. Limiti iliyowekwa upande usio wake haikataliwi, inapita palepale. Kwa hiyo kabla ya kutuma sasa nasoma oda kwa sauti kama sentensi kamili: "Bei ikishuka mpaka 48, uza zote 60 kwa bei itakayokuwepo." Sentensi ikigoma kutamkika, oda ina kosa.

7 Machi: Stopu zilizokaa karibu mno

Mwezi mzima nilitumia stopu ya asilimia 3 kwa kila hisa mpya. Nilichagua 3 kwa sababu ilionekana namba ya mtu mwangalifu. Katika hisa saba, tano ziligongwa. Tatu kati ya hizo tano zilirudi juu ya bei yangu ya kununua ndani ya wiki moja. Hasara ya zote tano: dola 205.

Nilipopima mwendo wa bei za siku, yaani juu kabisa kutoa chini kabisa, kwa siku 14 zilizopita, jibu likawa wazi. Hisa mbili kati ya zile zilikuwa zinatembea asilimia 3 kwa siku ya kawaida isiyo na habari yoyote. Stopu yangu ilikuwa ndani ya kupumua kwa kawaida kwa hisa. Ni kama kufunga mlango kwa kengele inayolia kila upepo ukipita.

Sasa nafanya kinyume cha nilivyokuwa nafanya. Zamani nilichagua idadi ya hisa kwanza, kisha nikatafuta pa kubandika stopu. Sasa stopu inaanza, na idadi inafuata. Hasara ninayokubali kwa kila ununuzi ni asilimia 1 ya mtaji, dola 120. Mfano halisi wa wiki hii: hisa iko 40, wastani wa mwendo wake wa siku ni 1.20. Nazidisha kwa 2.5, napata 3. Stopu inakaa 37. Dola 120 gawanya kwa 3 ni hisa 40, yaani naweka dola 1,600. Hisa yenye msukosuko zaidi inapata stopu ya mbali zaidi na fedha kidogo zaidi. Hii 2.5 si namba takatifu. Nimejaribu 2 ikabana, 3 ikaniachia hisa chache mno.

Nilimwuliza dalali pia swali ambalo ningepaswa kuuliza Januari: stopu yangu inaamshwa na nini? Muamala wa mwisho, au bei za wanunuzi na wauzaji zilizotajwa bila kufanyika muamala? Kwake ni muamala wa mwisho, na ni ndani ya saa rasmi za soko peke yake, saa 3:30 asubuhi hadi saa 10:00 jioni za New York. Madalali wanatofautiana. Uliza kwa maandishi, utunze jibu.

5 Aprili: Pengo

Leo ni Jumamosi na bado nina uzito kifuani.

Jumatano tarehe 2, soko likiwa limeshafungwa, Marekani ilitangaza ushuru mpya wa forodha kwa bidhaa kutoka karibu dunia nzima. Alhamisi S&P 500, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilishuka asilimia 4.8. Ijumaa ikashuka karibu asilimia 6.

Nilikuwa na hisa 27 za kampuni ya mavazi, niliyoinunua 64.20, stopu 59.80. Hesabu ilisema nikigongwa napoteza 4.40 kwa hisa, dola 118.80. Jumatano ilifunga 63.40. Alhamisi ilifungua 55.10. Kati ya 63.40 na 55.10 hapakuwa na muamala hata mmoja katika saa rasmi. Bei haikupita 59.80, iliiruka. Stopu iliamka kwenye muamala wa kwanza, ikageuka oda ya soko, ikauza kwa 54.96. Hasara dola 249.48, zaidi ya mara mbili ya niliyoipanga.

Nilijua jambo hili kwa kulisoma. Kuliona kwenye akaunti ni kitu kingine. Namba unayoandika kwenye stopu ni kiamshi tu, na bei ya kuuzia haimo ndani yake.

Hisa ya pili ilikuwa na kinga tofauti. Machi nilikuwa nimeanza kujaribu stopu-limiti, nikidhani nimepata dawa: ikigusa 28.00 inaamka, lakini inageuka limiti ya 27.75 badala ya oda ya soko, kwa hiyo haiwezi kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hisa 60, nilizonunua kwa 30. Alhamisi ilifungua 26.10. Oda ikaamka, ikasimama mlangoni na bei yake ya 27.75, na hakuna aliyetaka kununua kwa bei hiyo. Ijumaa jioni hisa ilikuwa 24.30 na oda bado ilionyesha neno: "inasubiri". Stopu ya kawaida ingeniuzia karibu na 26.05.

13 Aprili: Kilichofuata, na nilichosoma

Jumatatu tarehe 7 niliifuta ile stopu-limiti na kuuza kwa limiti ya kawaida, 24.05. Hasara dola 5.95 kwa hisa, jumla 357. Stopu ya kawaida ingepoteza kama 237. Kwa hiyo kinga niliyoichagua iliniongezea dola 120.

Jumatano tarehe 9, baada ya sehemu kubwa ya ushuru ule kuahirishwa kwa siku 90, S&P 500 ilipanda asilimia 9.5 kwa siku moja. Hisa yangu ya zamani ilifunga 27.80. Maana yake, ningeiacha ile oda mlangoni, ingepita kwa 27.75. Nimeliwaza hili siku nne na msimamo wangu ni huu: lisinibadilishe. Siku niliyouza sikuwa na namna ya kujua, na ningeweza vilevile kuwa naandika leo juu ya hisa iliyofika 20. Ninachochukua ni kwamba stopu-limiti ni oda ya mtu anayekubali kubaki na hisa, na mimi sikuwa mtu huyo.

Nilirudi nyuma kusoma. Tarehe 6 Mei 2010 soko la Marekani lilianguka na kuinuka ndani ya dakika zisizofika 40, na kuna hisa za kampuni kubwa zilizouzwa kwa senti moja, kwa sababu oda za soko, zikiwemo stopu zilizoamka, zilikuta hakuna mnunuzi wa kweli. Miamala zaidi ya 20,000 ilifutwa baadaye, ila ile tu iliyokuwa asilimia 60 au zaidi mbali na bei ya awali. Aliyeuza kwa asilimia 50 chini alibaki na hasara yake. Tarehe 24 Agosti 2015 ikajirudia wakati wa kufungua: mifuko mingi inayouzwa kama hisa ilishuka asilimia 20 na zaidi wakati hisa zilizomo ndani yake hazikushuka kiasi hicho. Februari 2016 soko la hisa la New York lenyewe likaacha kupokea stopu. Zile tunazoweka leo kwa kawaida hukaa kwenye mifumo ya madalali, nao ndio wanaozituma zikiamka.

Baada ya 2010 viliwekwa vizuizi: hisa kubwa ikifika asilimia 5 mbali na wastani wa dakika tano zilizopita na kukaa hapo sekunde 15, biashara yake inasimama dakika tano. Vinasaidia katikati ya siku. Pengo la usiku havilizibi.

Mabadiliko mawili. Stopu-limiti nimeiondoa, isipokuwa kwa mfuko mmoja mpana ambao niko tayari kukaa nao miaka. Na kwa kila hisa sasa naandika namba ya pili pembeni ya dola 120: nitapoteza kiasi gani ikifungua asilimia 20 chini? Kwa ile ya mavazi jibu lilikuwa karibu dola 350. Ningeliona jibu hilo mapema, ningenunua hisa 18 badala ya 27.

16 Mei: Oda iliyosahaulika

Jana asubuhi nilipata ujumbe kwamba nimenunua hisa 50 za kampuni ambayo sikukumbuka kuitaka. Ni limiti niliyoiweka tarehe 20 Februari, kwa 22.00, ya kudumu mpaka ifutwe. Kwa dalali wangu "ya kudumu" ni siku 90. Zilikuwa zimebaki sita.

Kampuni ilitoa matokeo mabaya kabla ya soko kufunguliwa. Ikafungua 20.90, nami nikanunua kwa 20.90. Limiti ilinipa bei nzuri kuliko niliyoandika, kwa kitu ambacho hakikuwa tena kile nilichotaka. Mchana nikaitoa kwa 19.35. Dola 1.55 mara 50, hasara 77.50.

Nilipofungua kumbukumbu ya oda nikakuta inasomeka 21.65, si 22.00. Nikafikiri kuna hitilafu, nikaandikia dalali. Si hitilafu. Aprili kampuni ilitoa gawio (faida inayolipwa kwa wenye hisa) la senti 35 kwa hisa, na siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, limiti za kununua na stopu za kuuza zilizo wazi hupunguzwa kwa kiasi cha gawio, isipokuwa ukiwa umeagiza zisipunguzwe. Limiti za kuuza haziguswi. Nikikumbuka stopu zangu zote za Februari na Machi, mbili zilisogezwa chini hivyohivyo na sikujua.

Tangu leo hakuna oda ya kununua inayobaki wazi baada ya Ijumaa. Stopu za kuuza zinabaki, lakini Jumapili jioni nafungua orodha nzima na kuisoma moja moja. Inachukua dakika kumi. Na limiti ya kununua inafutwa siku moja kabla ya matokeo, bila kujadiliana na nafsi.

13 Juni: Oda pacha

Nilitaka hisa zilezile ziwe na limiti ya faida juu na stopu chini. Dalali alikataa ya pili: hisa zimeshafungwa na oda ya kwanza. Nilikasirika, kisha nikaona anachonikinga. Zingekubaliwa zote mbili bila kufungamanishwa, siku ya msukosuko ingeweza kupita limiti asubuhi na stopu mchana, nami nikajikuta nimeuza hisa ambazo sina.

Njia sahihi ni oda pacha, moja ikipita nyingine inafutwa. Ilikuwa imefichwa ndani ya menyu ya tatu. Nimeitumia mara nne. Mara moja limiti ilijazwa hisa 20 kati ya 45, na stopu ikapungua yenyewe hadi 25, kama inavyotakiwa. Hakikisha kwa dalali wako kwa idadi ndogo kwanza.

Stopu ya kufuata bei nimeijaribu kwenye hisa moja, asilimia 5, niliyoinunua kwa 70. Ilipanda hadi 83, stopu ikapanda nayo hadi 78.85, ikapita kwa 78.80. Nimefurahi, lakini mara moja si ushahidi.

28 Juni: Hesabu

Oda zilizotumwa 71, zilizopita 46. Mtelezo wa bei (tofauti kati ya bei niliyoiona na niliyopata) kwa limiti za kununua baada ya Januari: chini ya senti moja kwa hisa, ukilinganisha na senti 70 za ule ununuzi wa Desemba uliozaa mradi huu.

Makosa nimeyatenga na hasara za kawaida za soko. Kitufe cha Februari 20.60. Stopu za karibu 205. Ziada ya pengo juu ya hasara iliyopangwa 130.68. Ziada ya stopu-limiti 120. Oda iliyosahaulika 77.50. Jumla dola 553.78, asilimia 4.6 ya mtaji. Fungu kubwa kuliko yote ni stopu za karibu, ambazo hazikuwahi kunishtua siku hata moja kwa sababu zilikuwa zinachukua dola 40 hivi kila mara.

Hivi sasa kuna oda nne wazi: pacha mbili, stopu mbili. Msimu wa matokeo unaanza katikati ya Julai na kampuni tatu kati ya nne zitatoa hesabu zao. Kabla ya hapo nitapunguza hisa za mbili ambazo pengo la asilimia 20 linazidi dola 250, kwa limiti, Jumatatu nusu saa baada ya soko kufunguliwa. Hatua inayofuata ni kujaribu limiti za mnada wa kufunga (oda zinazotekelezwa kwa pamoja soko linapofungwa), na nitaziandika hapa zikishapita kumi.